Kilo za Mwenyekiti

Mwuza nyama alipomwoa fundi mapazia, wataniaji walisema nyumba hiyo haitakosa kitoweo wala sitara. Kwa miaka kadhaa utani huo ulikuwa kweli tupu. Mume alikuwa na bucha pale kona: ukuta wa vigae vyeupe, gogo la kukatia, na mizani ambayo hakuwahi kuiegemezea kidole, jambo alilomwambia kila mteja hata asiyeuliza. Mke alikuwa na chumba chake cha cherehani milango mitatu kutoka hapo, kimejaa majora ya vitambaa mpaka darini. Mtoto wao wa pekee, msichana wa miaka minne, alitembea baina ya biashara hizo mbili akitoa amri. Alikuwa na kigoda chake mlangoni kwa mama, na mteja aliyeingia bila salamu alirudishwa nje akaanze upya. Baba yake ndiye aliyempachika jina la Mwenyekiti. Jina likakolea, mpaka wazazi nao wakawa Baba Mwenyekiti na Mama Mwenyekiti kwa mtaa mzima.

Ugonjwa haukujali cheo. Mama Mwenyekiti alikuwa akimwogesha, mkono wenye sabuni ukapita ubavuni mwa mtoto ukakutana na kitu kigumu. Akakigusa tena. Hakikubonyea, wala mtoto hakulia. Zahanati wakampa dawa ya minyoo. Waliporudi wakampa dawa nyingine ya minyoo, kana kwamba minyoo ndiyo ilikuwa imekosea. Ni mkojo ulipotoka mwekundu ndipo walipokimbilia hospitali kubwa, na huko mtoto akapigwa picha, akalazwa, na juu ya kitanda chake ikabandikwa karatasi yenye herufi kubwa: TUMBO LISIBONYEZWE. Mama aliikumbuka mikono yote iliyokuwa imelibonyeza tumbo lile, kuanzia wake.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Aliwakalisha kwenye chumba chenye viti viwili, yeye akasimama.

"Ni saratani ya figo," alisema. "Najua neno lenyewe linatisha. Lakini hii ya watoto hutibika. Wengi wanapona kabisa, wanakuwa watu wazima, wanaoa na kuolewa. Sharti ni moja: tuifuate dawa mpaka mwisho. Tukiishia njiani, inarudi, na ikirudi inarudi na hasira."

Alisema mpaka mwisho, akarudia mpaka mwisho, na wakati wa kuwafungulia mlango akarudia tena. Mama Mwenyekiti alilishika neno hilo moja. Mengine yote ya siku ile, majina ya dawa na namna zinavyopimwa na kutolewa, yalipita juu ya kichwa chake, maana masikio yalikuwa bado yanasikiliza lile neno la mwanzo.

Baba Mwenyekiti aliitazama mikono yake. Alikuwa amezikata figo maisha yake yote, za ng'ombe na za mbuzi, akazipanga kwenye sinia mbele ya kioo. Asubuhi iliyofuata aliwaambia watu wa machinjioni wasimletee figo tena. Mteja mmoja wa siku zote alizitafuta kwenye sinia, akauliza kwa mzaha, "Vipi, siku hizi ng'ombe wako hawakojoi?" Mwuza nyama aliweka kisu chini, akanawa mikono, akafunga duka, mteja akabaki nje na kikapu chake asijue amekosa nini.

Mama mkwe naye alikuja, akakaa kitako, akatoa hukumu ambayo hakuna aliyemwomba. "Kwetu ugonjwa huu haupo," alisema huku akimtazama mkwewe. "Tangu mababu."

Tuseme haki: mwanzoni mume na mke walishikana. Walimpeleka mtoto pamoja kwenye dawa za kupunguza uvimbe, wakakesha pamoja kabla ya upasuaji, na figo ilipotolewa baba aliomba kuiona. Mpasuaji akamwonyesha ndani ya ndoo. Mwuza nyama aliinama, akaitazama kwa muda, akauliza ilikuwa na uzito gani. Akaambiwa inakaribia kilo. Aliitikia kwa kichwa, na mke wake aliona mabega yake yakishuka kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uanze.

"Basi imetoka," alisema wakiwa nje. "Nimeiona kwa macho yangu. Kilichobaki ni mtoto kula."

Hapo ndipo walipoanza kuachana njia, ingawa hawakujua. Kwa mume ugonjwa ulikuwa kitu, una umbo na uzito, na kitu hicho kilikuwa ndani ya ndoo. Daktari alipomweleza kwamba kuna mbegu ndogo zisizoonekana ambazo lazima zifuatwe kwa dripu kwa miezi, alimsikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Mbegu isiyoonekana mmeionaje?" Daktari alijibu vizuri tu, lakini mwuza nyama hakuwa ameuliza ili ajibiwe.

Dripu zikaanza. Nywele za Mwenyekiti zikabaki kwenye mto. Chakula kikawa kinaingia na kutoka kwa mlango huohuo. Mama alipika uji mwepesi, akapika uji mzito, akaponda mayai, akachuja supu ya mifupa ambayo baba mwenyewe aliichagua; mtoto alionja, akasema kwa upole wa kiongozi, "Mpeni mwingine." Mdomo wake ulikuwa na vidonda. Hata amri alizitoa kwa kunong'ona.

Kila safari ya dripu ilianzia kwenye mizani. Ilikuwa kwenye korido, mbele ya benchi la wazazi, mizani ya kusimama yenye mshale. Muuguzi mzee, mama mnene mwenye miwani kwenye kamba, ndiye aliyepima na kuandika. Lakini kabla hajavaa miwani yake, Baba Mwenyekiti alikuwa amekwisha kuusoma mshale kutoka pale aliposimama. Macho yake yalizoea mizani. "Kumi na tatu na nusu," alisema safari moja. Safari nyingine, kumi na tatu kamili. Safari nyingine, kumi na mbili na robo tatu, na safari hiyo hakuisema kwa sauti.

Siku hiyo waliporudi nyumbani alimsubiri mke wake amlaze mtoto, akamwita jikoni.

"Mama Mwenyekiti, mimi nimeishi na wanyama. Mnyama anayekonda mbele ya macho yako hana maisha. Humpi dawa, humpi nini, unajua tu."

"Huyu si mnyama."

"Ndiyo maana nakuambia. Safari ijayo nitasimama palepale niiangalie mizani. Akiongezeka, tutaendelea, nitanyamaza. Akipungua tena hata kwa kidole, simrudishi pale. Nitamlisha mwenyewe hapa mpaka apone. Sitamshika mwanangu mikono ili watu wammalize."

"Daktari alisema mpaka mwisho."

"Daktari ana mtoto wake?"

Hakuwa anafoka. Angefoka, mke wake angejua pa kumshika. Alisema kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuamua, na Mama Mwenyekiti alimjua mume wake: hakuwa mtu wa kurudi nyuma, hata kwenye bei.

Sasa sikiliza kilichotokea, wala usiharakishe kumhukumu. Pazia zuri halining'inii lenyewe. Ndani ya pindo lake la chini fundi hutia vyuma vidogo, vingine vipande bapa, vingine vimeunganishwa kama mkufu, ili kitambaa kitulie na upepo usikipeperushe. Mama Mwenyekiti alikuwa na kopo zima la vyuma hivyo chini ya meza. Na mabaki ya kitambaa cha pazia, kizito, cha buluu, yalikuwa yamemtosha kumshonea mtoto gauni la kwenda nalo hospitali, maana korido ile ilikuwa na baridi. Gauni lilikuwa na pindo pana, la kuteremshwa mtoto akikua. Alikaa kwenye cherehani siku mbili kabla ya safari, akalifumua pindo kwa wembe, akatia vyuma, akalishona upya kwa mkono, mshono wa ndani ambao hata fundi mwenzake asingeuona. Alifanya hivyo mchana kweupe, mlango wazi, watu wakipita na kumsalimu. Akawaitikia.

Alijua anadanganya. Ila aliamini anamdanganya mume wake tu. Kwake yeye mizani ile ilikuwa ya kuangalia kama mtoto anakula, kama ile ya kliniki ya watoto wachanga, na namba ilikuwa namba ya kuwafurahisha au kuwahuzunisha wazazi. Mfa maji haachi kutapatapa, na yeye alikuwa amepata kitu cha kushika.

"Gauni langu ni zito," alisema Mwenyekiti akivishwa.

"Mwenyekiti havai vyepesi," mama alimjibu. "Vyepesi ni vya wajumbe."

Mtoto alilikubali hilo. Kwenye korido muuguzi alimwambia avue gauni apimwe, kama sheria ilivyotaka. Lakini tangu apasuliwe Mwenyekiti alikuwa hataki mtu aone kovu lake, refu kutoka ubavu hadi ubavu. Alikumbatia kifua kwa mikono miwili akasema, "Sivui. Kuna watu." Benchi zima lilicheka. Muuguzi akacheka pia, na huruma yake ndiyo ikawa mlango.

"Mwenyekiti akisema havui, mimi ni nani?" alisema. "Vua viatu basi. Gauni lenyewe lina uzito gani?"

Mshale ukapanda. Baba Mwenyekiti alisogea hatua moja, akainama, akausoma mara mbili. "Kumi na tatu na robo," alisema. Alimgeukia mke wake na kumtazama kama siku zile za uchumba. Kweli ndiyo hiyo: Mama Mwenyekiti alifurahi. Aibu ilikuja baadaye, njiani, na hata hapo haikuwa kubwa.

Lakini namba ikishapanda haishuki bila maswali. Mtoto alizidi kukonda ndani ya gauni, na safari iliyofuata ilibidi vyuma viongezwe ili kumi na tatu na robo isiwe aibu. Safari ya tatu vikaongezwa tena. Mume akawa mtu mwingine. Alimpelekea muuguzi mzee nyama ya nundu, akamtania daktari kwamba sasa ameziona hizo mbegu zikikimbia. Mama alikuwa anasikia, anatabasamu, na usiku anazipapasa mbavu za mtoto, moja moja. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yake aliiombea iwe ndefu kidogo tu, mpaka dripu ya mwisho.

Baada ya dripu ile ya tatu mtoto akaanguka. Homa ilipanda mchana, mdomo ukatoka vidonda hadi kooni, na walipofika wodini alikuwa hajui anaongea na nani. Akawekwa chumba cha peke yake. Damu yake, walisema, haikuwa na askari hata mmoja wa kupigana. Daktari alisoma karatasi, akazisoma tena, akasema haelewi, dawa ilikuwa ileile na kipimo ni sahihi.

Muuguzi mzee alikuwa akimpangusa mtoto kwa maji ili kumpunguza joto. Akamvua gauni la buluu, akalitupa kitini. Halikutua kama nguo inavyotua. Liligonga ubao wa kiti, likateleza, likagonga sakafu. Muuguzi alilitazama. Baba Mwenyekiti, aliyekuwa amesimama ukutani, aliliokota kabla yake.

Alilishika kwa mkono mmoja, akalipandisha na kulishusha, kama anavyofanya na kipande cha nyama kabla hajakiweka kwenye mizani. Mama Mwenyekiti alikuwa upande wa pili wa kitanda. Aliona uso wa mume wake ukihesabu.

"Kilo moja na robo," alisema. "Kitambaa ukitoa, inabaki kilo moja kasoro kidogo."

Hakuna aliyemwuliza mama kitu. Alisema mwenyewe, yote, huku ameshika mguu wa mtoto, akianzia kwenye maneno ya jikoni. Alidhani anaungama uongo wa nyumbani. Ni alipouona mkono wa daktari ukienda mdomoni ndipo alipojua kuna zaidi.

"Mama," alisema daktari, "dawa tunaipima kwa kilo zake. Kila kilo ina kiasi chake. Tulikuwa tunampa ya mtoto ambaye hayupo."

Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mwema, aliongeza kwamba hawezi kuapa kuwa hilo ndilo lililomwangusha. Mtoto aliyekonda huweza kuanguka hata kwa kipimo sahihi. Aliongeza pia kwamba wao nao walikosea, mtoto hupimwa bila nguo. Muuguzi mzee alikuwa amekaa kitini, miwani mkononi, analia bila sauti. Wema ule wa daktari haukumsaidia mtu yeyote mle chumbani. Mama Mwenyekiti angependa zaidi aambiwe waziwazi, ni wewe.

Mume wake alimwambia. Alimwambia kwenye korido, mbele ya benchi la wazazi, mbele ya mizani ileile. "Mimi niliogopa watu wa nje watanimalizia mwanangu," alisema. "Kumbe mmalizaji nalala naye." Wazazi wengine waliinamisha vichwa. Wanawake aliokuwa akibadilishana nao vikombe vya uji walizivuta khanga zao miguuni ili apite.

Mwenyekiti hakufa. Aliungua kwa homa siku kadhaa, kisha asubuhi moja akaomba maji, akataka kujua ni nani aliyezima taa bila ruhusa. Baba yake alimbeba akampeleka nyumbani siku ileile aliporuhusiwa. Daktari aliwafuata mpaka kwenye ngazi.

"Baba, zimebaki chache. Tutampumzisha wiki tatu, tutaanza na kipimo kidogo, kila kitu mbele ya macho yako. Usiishie hapa, nakusihi."

"Asante kwa kazi yenu," alisema mwuza nyama.

Daktari akamgeukia mke. "Na wewe mama, unasemaje?"

Hilo swali, Mama Mwenyekiti angetoa miaka ya maisha yake ili aulizwe mapema. Jibu lilikuwa kooni, lilelile la siku zote, mpaka mwisho. Lakini mdomo ule ndio uliosema mwenyekiti havai vyepesi. Mume wake alikuwa anamtazama, akisubiri kwa hamu athubutu. Hakuthubutu. Akainua mfuko wa nguo, akamfuata mume wake ngazini.

Nyumbani mwuza nyama alitimiza neno lake. Alimlisha mtoto kwa mkono wake: maini, mchuzi, maziwa, tena maini. Alihamisha kigoda kutoka kwenye mapazia akakiweka kwenye bucha, na Mwenyekiti akaanza kuwarudisha wateja wa nyama nje wasalimie upya. Kila Ijumaa alitandika kitambaa safi kwenye mizani, akamkalisha, akamvua yeye mwenyewe mpaka chupi, akatangaza kilo kwa waliokuwepo. Kumi na nne. Kumi na tano. Nywele zikaota, laini na nyingi kuliko za kwanza. Mama mkwe alisema, "Mtoto alikuwa anahitaji baba tu." Mtaa ulikubaliana naye. Mama Mwenyekiti alipopita, mazungumzo yalishuka sauti, na wateja wawili wa mapazia walitafuta fundi mwingine.

Na yeye alifurahi, hilo nalo liko. Mashavu ya mtoto yalikuwa mashavu, hayakuwa vyuma. Alimsikia akiimba bafuni, akafurahi mpaka akajichukia, maana kila kilo iliyoongezeka ilikuwa inamwambia kwamba mume wake alikuwa sahihi, na ndani kabisa alijua hakuwa. Siku moja alifunga chumba, akaenda hospitali peke yake.

"Mlete," daktari alimwambia. "Mlete hata bila ruhusa yake. Kila wiki inayopita inatuangusha."

Alirudi na nia hiyo. Alifika mpaka mlango wa bucha. Mtoto alikuwa kwenye kigoda, baba anamkatia kipande cha ini, wanacheka kitu chao. Mara ya mwisho alipoamua peke yake kumwokoa mtoto, alimtia sindano za mtoto mwingine. Sasa aamini vipi kwamba safari hii moyo wake unasema kweli? Akapita, akaenda kukata kitambaa. Akajiambia wiki ijayo. Hizo wiki ijayo zikawa nyingi.

Kikohozi kilianza kama mchezo. Baba alisema ni mafua, kila mtoto anakohoa msimu huu. Akampa asali. Kikohozi hakikuondoka, kilikaa, kikavu, kifupi, hasa mtoto akicheka. Jumamosi moja Mwenyekiti alisimama katikati ya kumkaripia mteja, akashika ubavu, akatafuta pumzi, kisha akamalizia karipio lake. Mama alikuwa mlangoni. Jumatatu iliyofuata, mume alipokuwa machinjioni, alimbeba mtoto mgongoni, mzito kweli sasa, akaenda. Hakuaga. Hakuacha ujumbe. Alijua jibu tangu kituo cha basi, na alienda kulisikia tu.

Mwuza nyama, aliyedokezwa na majirani waliomwona mkewe kituoni, alifika hospitali na aproni, damu ya asubuhi bado kifuani, watu wakimpisha kwenye korido. Alikuja amejaa maneno. Daktari hakumpa nafasi. Aliiweka picha ya kifua kwenye kioo cha taa, akawasha. Mapafu yalikuwa na madoa meupe ya mviringo, pande zote mbili. Hata mtu asiyejua kusoma angeyaona.

"Hizi ndizo zile mbegu," alisema daktari. "Sasa zinaonekana."

Alieleza polepole. Kuna dawa nyingine, kali kuliko zile. Watoto wengine huvuka nazo. Awali angewaambia wengi. Sasa hasemi wengi. Alisema atawaacha wazungumze, akatoka na kuufunga mlango taratibu.

Nje, Mwenyekiti alikuwa anasikika akimwuliza muuguzi mzee kwa nini hakuja kumtembelea muda wote huo. Chumba kilikuwa na viti vilevile viwili. Mama Mwenyekiti alikuwa na maneno ya siku hii. Alikuwa ameyatunga kwenye cherehani mwaka mzima, makali, kila moja mahali pake, ya kumrudishia mume wake yale ya kwenye korido, mbele ya watu ikiwezekana. Alimgeukia ili aanze.

Mume wake hakuwa anamtazama. Alikuwa ameikaribia picha, kidole hewani, akihesabu madoa, na kila akifika katikati anapotea na kuanza upya. Mwishowe alikaa. Mikono yake, inayojua uzito wa kila kitu, ilikuwa magotini, viganja juu.

"Mama Mwenyekiti," alisema kwa sauti ambayo mke wake hakuwahi kuisikia. "Wewe unajua kuongea nao. Waambie wampe. Waambie wampe nyingi, hata mara mbili, sasa ana mwili." Akamgeukia mke wake. "Wewe si fundi? Fanya namna. Safari hii sitaangalia."

Mke alimtazama mtu huyu aliyemwita mmalizaji. Maneno yake makali yalikuwa yote yapo, hakuna lililopotea, na hapakuwa na pa kuyaweka.

"Sina namna," alimwambia. "Niliyokuwa nayo ilikuwa ile."